Korali Juu ya Paa la Udongo

Bernadette Katsuva alicheka siku ya ndoa yake. Padiri alipomuuliza kama anamkubali Vital kuwa mume wake, Vital alikuwa amekaza shingo kama askari wa gwaride, kwa sababu kola ya shati la kuazima ilimbana. Bernadette akamtupia jicho, akafungua kinywa kusema ndiyo, kikatoka kicheko. Kanisa zima likangoja. Padiri akafunga kitabu, akakifungua tena. Vital akajibu kwa niaba ya wote wawili, na ndipo bibi harusi akapata pumzi ya kusema, "Ndiyo, namukubali, lakini musiniangalie!"

Hakuwa mtu wa dharau. Kicheko kilimjia kama chafya inavyomjia mwingine. Kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, na kikishafika kooni hapakuwa na wa kukizuia, tena kiliambukiza. Yeye na Vital walipotoka Butembo kuja kukaa Bunia, wakapanga nyumba mtaa wa Lumumba, Vital akaweka cherehani yake barazani, Bernadette akaanza kuuza maharagi sokoni. Wateja walimjua kwa sikio kabla ya kumjua kwa sura. Walifuata kicheko, wakayakuta maharagi.

Katika korali yetu ya parokia anaimba alto, sauti nene na yenye joto kama uji wa asubuhi. Mimi naimba soprano, mstari wa mbele yake, kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyasikia kwa mgongo kabla ya kuyaona kwa macho.

Mwaka mmoja mji wetu ulipata ugeni. Wahandisi wa majengo walitoka Uganda, Rwanda, Moroko, Ureno na Kinshasa, wakaja Bunia kwa mkutano wa kimataifa juu ya ubunifu na ujenzi endelevu. Tulivyoelezwa, maana yake ni kujenga nyumba imara bila kumaliza miti kwa kuchoma matofali, na bila kungojea saruji inayotoka mbali huku mvua ikikata barabara. Korali yetu ilialikwa kuufungua mkutano. Rémy, mwalimu wetu wa korali, akatutungia wimbo mpya, akautia maneno makubwa ya Kifaransa ambayo hayakutaka kabisa kuingia kwenye mpigo. Neno moja lilikuwa refu hata soprano tulilimaliza wakati alto wamekwisha kuanza ubeti mwingine.

Rémy ni mtu mwembamba, mkali, ambaye hatukuwahi kumwona meno ila anapoimba "i". Siku ya mazoezi ya mwisho alimwita Bernadette kando, ingawa sote tulisikia.

"Mama Bernadette, hii si misa ya Jumapili. Batu banatoka inchi mingi. Ukicheka kesho, utarudia ku maharagi yako, utatuachia korali."

"Mwalimu, sitacheka. Nitakula tangawizi."

"Utakula nini?"

"Tangawizi. Ikichoma ulimi, kicheko inaogopa."

Asubuhi tuliingia ukumbini na vikwembe vyetu, vitenge vipya vya rangi ya machungwa, tukaimba, na lile neno refu likatushinda palepale lilipokuwa likitushinda kila siku. Nilisikia nyuma yangu pumzi ikiingia puani kwa nguvu, kisha mlio wa meno yakitafuna. Tangawizi ilishinda! Bernadette hakutoa hata mguno. Tulipokaa, macho yake yalikuwa mekundu na machozi yakimtiririka, na mgeni mmoja kutoka Moroko akampa kitambaa, akidhani ameguswa na wimbo.

Baada ya hotuba, wageni walipelekwa uani kuonyeshwa kitu ambacho mkutano wote ulikuwa ukikisubiri. Binti mmoja mhandisi wa hapa kwetu, Plamedie, alikuwa amejenga chumba cha maktaba ya shule kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Ajabu yake ilikuwa paa. Halikuwa na bati, wala mbao, wala chuma. Lilikuwa matofali yaleyale, yamepangwa yakapinda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama mgongo wa ng'ombe. Plamedie alitaka kulipakia mifuko ya mchanga mbele ya wageni, ili waone lenyewe linavyobeba.

Ila mifuko haikuwapo. Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu njia, na lori la mchanga lilikuwa limezama matopeni hadi kwenye ekseli. Ndege ya wageni ilikuwa ya mchana uleule. Plamedie alisimama na simu sikioni, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu macho yake yakatua juu yetu, tumekaa kwenye viti vya plastiki tunakunywa soda. Alituangalia kwa muda. Alituangalia, sasa naelewa, kwa kilo.

"Bamama," akasema, "naomba kitu moja ya ajabu kidogo."

Mama Agathe, mkubwa wetu kwa umri na mdogo wetu kwa umbo, akaweka chupa chini. "Sema, mwanangu."

"Naomba mupande juu ya paa."

Tukauliza wote kwa pamoja: Wapi? Siye? Juu ya udongo? Rémy akasema korali haikuja kufanya sarakasi.

"Nilishaipakia juma iliyopita," Plamedie akaeleza. "Matofali mingi sana, uzito wenu mara mbili. Haikusogea. Lakini hakuna mutu aliona, na matofali yenyewe tumekwisha kuijenga mu ukuta. Leo batu beko hapa, banataka kuona. Na miye nitasimama chini yake. Ikianguka, itaanza na miye."

"Na siye tutakuwa ba pili," akasema Mama Agathe.

Bernadette ndiye aliyevua viatu wa kwanza. Nilimuuliza baadaye kilichomsukuma. Akasema alimwona yule binti anavyobana midomo ili asilie mbele ya wageni, naye anajua vizuri kazi ya kubana midomo.

Ilibidi tupimwe kwanza. Wakaazima mizani ya magunia kutoka ghala la jirani, wakaiweka katikati ya ua, mbele ya mataifa yote. Bernadette alipopanda, mshale ulienda mbali, akina mama wakampigia vigelegele kama aliyefaulu mtihani. Mama Agathe alipanda amekumbatia mkoba wake.

"Arobaini na tano," Plamedie akasoma.

"Andika sabini."

"Mama, iko arobaini na tano."

"Andika sabini! Nilikuwa mu mufungo."

Kisha Rémy. Mshale ulitikisika kidogo, ukatulia karibu na pale ulipotoka.

"Mwalimu," Plamedie akasema kwa adabu, "tafadhali weka miguu yote mbili."

"Iko juu yote mbili."

Nikasikia tangawizi ikitafunwa kwa fujo.

Tukapanda ngazi mmoja mmoja, pekupeku. Udongo wa paa ulikuwa na joto la jua, laini kama mgongo wa kitu kilicho hai. Tulishikana mikono, tukajipanga tulivyoonyeshwa, wazito katikati, wepesi pembeni, Bernadette juu kabisa kwenye kilele, Rémy ukingoni kama mkia. Kutoka pale mtu aliona mabati ya mji yaking'aa hadi upande wa uwanja wa ndege. Chini yetu, ndani ya chumba, Plamedie alisimama na kipaza sauti cha mkononi karibu na kifaa kama saa ndogo, chenye mshale wa kuonyesha paa likishuka hata kwa unene wa unywele. Profesa kutoka Ureno, mama mwenye nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani, alikaa kwenye kiti mlangoni ili auone mshale kwa macho yake.

Masharti yalikuwa rahisi. Tusicheze. Tusipige makofi. Tusimame tu, tuimbe polepole.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wageni walipiga picha. Paa halikusema neno. Katika ubeti wa pili tukazoea, pumzi zikafunguka, mabega yakaanza kwenda huku na huku yenyewe, maana nani alikwambia korali ya huku kwetu Ituri inajua kuimba kama nguzo? Ndipo ardhi ikaongea. Chini ya nyayo zetu, kutoka ndani ya paa, ikapanda sauti ya kipaza, nzito na ya kutisha kama ya nabii ndani ya kisima:

"BAMAMA! MUSIPUMUE KWA NGUVU!"

Nyuma yangu kitu kidogo kilidondoka, kikabingirika juu ya udongo, kikaanguka chini. Ilikuwa tangawizi.

Nikajua tumekwisha.

Kicheko cha Bernadette kilitoka kama maji yaliyovunja ukingo. Alijaribu kukiziba kwa kikwembe, kikapasuka upande wa pili. Alikuwa amenishika mkono, nacho kikapita mkononi kama umeme, kikanifika mbavuni. Mimi nikampelekea aliye kushoto kwangu. Mama Agathe alikuwa akisema "Yesu wangu, Yesu wangu, batoto munyamaze," halafu naye akakatika katikati ya jina la Bwana. Korali nzima ikawa inatikisika juu ya paa, tumeinama, tumeshikana viuno, tunalia machozi. Mtu akapiga mguu. Aliyepiga mguu akaambukiza miguu mingine.

"Musicheke!" ikapanda sauti kutoka chini. "Bamama, nawaomba, musicheke!"

Ingekuwa heri angenyamaza.

Wageni walisimama wote. Na hapo, ukingoni, Rémy, aliyekuwa ameinua mkono wake wa kuongoza na kuuacha hewani, alikunja uso, akameza mate, akatoa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Ilikuwa nyembamba na kali, *kwi, kwi, kwi*, kama kifaranga. Sote tulimgeukia. Kifaranga kikarudia. Basi, aliyekuwa bado amesimama akakaa, na aliyekuwa amekaa akalala.

Hatujui tulicheka kwa muda gani. Kilichotunyamazisha ni Plamedie, aliyetoka chumbani mbio, kipaza sauti bado mdomoni ingawa sasa alikuwa mbele yetu kabisa.

"IMERUDI!"

"Nini imerudi?" Bernadette akauliza kutoka juu, akijifuta uso.

"Mushale! Mulipokuwa munacheka ilicheza, ilicheza, nikasema leo nakufa. Mulipotulia imerudi mu zero! Paa haina hata ufa!"

Profesa kutoka Ureno alikuwa bado ameinamia kifaa, miwani sasa iko puani. Alisimama, akasema maneno kwa Kifaransa taratibu, na Plamedie akatutafsiria huku sauti yake ikipanda na kushuka. Profesa anasema kubeba uzito uliotulia ni kitu kimoja. Kubeba uzito unaoruka ni kitu kingine, kigumu zaidi. Anasema maisha yake yote amepima majengo kwa mchanga, na mchanga haukuwahi kumcheka. Anauliza kama bado kuna nafasi.

"Nafasi ya nini?" akauliza Mama Agathe.

Profesa alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alipanda ngazi kwa magoti yake ya uzee, Bernadette akamshika mkono na kumvuta. Akafuata Mmoroko, wakafuata Waganda, na Mnyarwanda mmoja aliyevaa suti akapanda na soksi zake. Plamedie alihesabu kwa midomo, akajumlisha, akatikisa kichwa, akasema sasa basi, wengine wangoje zamu. Na kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kusimama kama nguzo, tuliimba wimbo wetu na kuucheza, taratibu kwanza, halafu siyo taratibu tena. Lile neno refu profesa alilitamka sawasawa, peke yake, baada yetu sote.

Hapo ndipo lori lilipoingia. Dereva alishuka, tope limemfika kiunoni, akatazama juu, akaona paa limejaa maprofesa na akina mama wanacheza. Akavua kofia.

"Muchanga," akauliza, "niweke wapi?"

Ndege ya wageni iliondoka bila kuchelewa, kwa sababu pikipiki zote za mtaa ziliitwa kuwakimbiza uwanjani. Waliobaki tulikula sombe, majani ya muhogo, na samaki wa Ziwa Albert hapohapo uani. Bernadette alikaa kando ya Plamedie.

"Niambie kweli, mwanangu. Ulijuaje haitatuangukia?"

"Nilipiga hesabu, mama. Nilijua."

"Na mbona ulisema leo unakufa?"

Plamedie akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kujua ni kitu moja. Korali muzima kuruka juu ya kichwa yako ni kitu ingine."

Kuanzia hapo walikuwa marafiki. Siku za Jumamosi Bernadette alikwenda kujifunza kukoroga udongo na kuuvuta mkono wa ile mashine, akarudi nyumbani na matope hadi kwenye kope, akimweleza Vital habari za mchanga na mfinyanzi wakati mume wake anatafuta sindano. Kabla mvua kubwa hazijarudi walikuwa wamejijengea ghala dogo la maharagi nyuma ya nyumba, Plamedie akisimamia, majirani wakibeba. Paa lake, la udongo kama lile la maktaba, limekwenda kombo kidogo upande wa kulia, mahali alipofanya kazi Mama Agathe, ambaye hakutaka kuelekezwa.

Vital hadi leo hakubali kulipanda. Anasema yeye ni fundi wa nguo. Bernadette lakini hupanda kila asubuhi yenye jua, anatandika mkeka, anaanika maharagi, na wapita njia wakimsalimu kutoka barabarani anawajibu kutoka juu: "Karibuni! Pandeni, inabeba!"