Mwaka Bibi Alipofunga Koki ya Kanisa

Kila ninaposikia harufu ya salfa, hata ile ya njiti ya kiberiti, pua yangu hurudi Kitangari kabla mimi mwenyewe sijapata nauli. Kiangazi uwanda wote wa Newala ulinuka hivyo. Watu walipulizia mikorosho alfajiri, na unga wa njano ukatua juu ya majani, juu ya nguo zilizoanikwa, hata juu ya ugali usiofunikwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kuja na pikapu zao, mitumba ilimwagwa gulioni, na mashine ya serikali iliyokuwa ikisukuma maji kutoka bondeni ilinyamaza kwa kukosa dizeli. Kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa maji. Hayo tuliyafuata bondeni wenyewe, kwa njia iliyoteremka kwa upole na kupanda kwa kisasi.

Baba na mama walikuwa walimu Masasi mjini. Walinipeleka kwa Bibi, mzaa baba, nisome mafundisho ya kipaimara, kwa kuwa waliamini mjini Roho Mtakatifu angesumbuliwa na redio. Nilikuwa mtoto wa kike mwenye majibu mengi. Katekisimu niliikariri kama jedwali la kuzidisha. Neema ni nini? Ni kipawa cha Mungu tusichostahili, nilijibu bila kuvuta pumzi, na Padri akanisifu mbele ya darasa. Siku hizi nafundisha chuo kikuu, na kazi yangu haijabadilika sana. Lakini mwaka ule nilitaka jambo moja tu: siku Askofu atakaponiwekea mikono kichwani, Bibi asimame nyuma yangu, mkono wake begani mwangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdhamini wangu wa ubatizo. Na hilo ndilo lililokuwa haliwezekani. Bibi alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, benchi la waliotengwa na Meza ya Bwana, na aliyetengwa hamdhamini mtu.

Kijiji kizima kilimwita Mama Yohana, kwa jina la mwanawe wa mwisho. Yohana alipougua, Bibi alisali hadi sauti ikamkauka, kisha akaenda kwa mganga. Yohana alikufa msalaba ukiwa ukutani na hirizi ikiwa shingoni. Kanisa lilimtenga Bibi kwa muda, kama desturi ilivyokuwa. Muda ulipokwisha Padri alimwita mbele amfungulie, naye akakataa kuinuka. Alisema hajalipa. Padri wetu alikuwa mtu mpole, mwenye baiskeli iliyopiga kelele kuliko mahubiri yake. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akamwambia, "Mama Yohana, msamaha hauuzwi. Ni wa bure."

"Padri, kitu cha bure hapa Kitangari ni vumbi tu," Bibi alimjibu. "Mkono mtupu haulambwi."

Mafundisho yangu yalipoanza ndipo akaweka nadhiri yake. Ubavuni mwa kanisa palikuwa na tangi la saruji lililokinga mvua ya paa. Kiangazi lilibaki na tope na vyura. Bibi aliahidi kulijaza kwa kichwa chake mwenyewe, kwa maji ya bondeni, mpaka yafike kwenye bomba la kumwagikia, kabla Askofu hajafika. Likijaa, atainuka kwenye lile benchi. Nilijitwika ndoo yangu ndogo nikamfuata, nikidhani namsaidia, lakini tulipofika juu maji yangu aliyamimina kwenye pipa la nyumbani. "Ya kwako hayaingii," alisema. "Kila mtu na dhambi zake." Nilikosa hata dhambi ya kuchangia.

Tabu ni kwamba tangi kule kwetu halijai, kwa sababu watu wana kiu. Bibi alimimina kwa juu, wanafunzi wa shule na wagonjwa wa zahanati wakakinga kwa chini, kwenye koki. Alipogundua, alichomoa mpini wa koki, akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Alitangaza kwamba maji yale ni ya Askofu. Padri alikuwa amesafiri kwenye mitaa ya mbali, na wazee wa kanisa walimwogopa Bibi kuliko walivyomwogopa Padri.

Aliyethubutu kumtania ni Bi Somoe, jirani yetu Muislamu, aliyechezwa unyago msimu mmoja na Bibi. "Mama Yohana," alisema akipita na mzigo wa kuni, "huyo Mungu wako ni karani wa ushirika? Mpaka apime, aseme hii daraja la kwanza, hii daraja la pili?"

"Nyamaza, Somoe. Mwanao wewe yuko hai."

Bi Somoe alishika njia na kuni zake. Siku kadhaa hakupita uani kwetu.

Maji yalipanda. Ijumaa, Askofu akitarajiwa Jumapili, yalikuwa yamebakiza kiganja kufika kwenye bomba. Mchana ule Bi Somoe alikuja kanisani na ndoo tupu. Hakutania. "Mama Yohana, mwanangu Zainabu ameshikwa na uchungu. Nyumbani hakuna hata tone."

"Bondeni hamjatuma watu?"

"Tumetuma. Mtoto hatawasubiri."

Kwetu mtu humnyima jirani chumvi, humnyima jembe, hata salamu. Maji ya mzazi hayanyimwi. Bibi alilitazama tangi lake, akautazama mlango wa kanisa, kisha akaanza kufungua pindo. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Koki ililia, maji yakatoka. Na koki ikifunguka kwenye uwanda wa Newala haihitaji mpiga mbiu. Walikuja wanafunzi, akaja mgonjwa na birika, wakaja mabibi na vibuyu. Bibi alikaa kwenye ngazi ya tangi, mpini wa koki mapajani, hakumfukuza mtu. Jioni tangi lilibaki na mwangwi.

"Basi," alisema. "Nimeshindwa."

Nami, mwenye majibu, nikamfariji: "Lakini Bibi, umetenda jema. Mungu atakuhesabia."

"Jema gani? Ningemnyima ningekuwa mtu? Usinitafutie hesabu, Agnesi. Sina kitu."

Kesho yake Bi Somoe alimleta mtoto, wa kike, amefungwa kwenye khanga kuukuu. Bibi alikuwa akipalilia chini ya mikorosho, akarudi nyuma. "Nina vumbi mimi, sijanawa."

"Mshike hivyo hivyo," Bi Somoe alisema, akamtia mikononi mwake. "Huyu hachagui."

Bibi alimshika. Vumbi la viganja vyake likabaki kwenye khanga ile kuukuu.

Jumapili nilivaa gauni jeupe la mtumba lenye mabega ya kiaskari. Kabla ya Misa Bibi alimfuata Padri pale alipokuwa akiegemeza baiskeli yake. "Padri, shida moja. Ile ya bure, bado ipo?"

"Ipo, Mama Yohana," Padri alisema. "Haijapungua."

Askofu aliponiwekea mikono kichwani, mkono wa Bibi ulikuwa mzito begani mwangu. Wakati wa Komunio alipiga magoti karibu nami, akavitanguliza viganja vyake, kimoja juu ya kingine, vimechubuliwa na ukingo wa ndoo, wazi, bila kitu.

Sasa naishi Dar es Salaam, nina tangi la plastiki juu ya paa, na kila mwisho wa mwaka naandika taarifa ya mafanikio yangu kwa bidii ambayo karani wa ushirika angeionea wivu. Neema naweza kuieleza kwa saa nzima, pamoja na rejea. Bibi amelala nyuma ya mikorosho, na mtoto wa siku ile ana watoto wake. Mwaka jana nilikwenda Kitangari baada ya kupotea miaka mingi. Kwa kuwa nilikuwa na aibu nilibeba mchele, sukari, vitenge, mifuko ikinikata vidole. Bi Somoe, mkongwe, alikuwa kibarazani. Kabla hata ya kumwamkia nikaanza kueleza kwa nini sikuja, huku nikionyesha nilichomletea, kisha nikakumbuka adabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Agnesi, weka chini hiyo mizigo," alisema, akininyooshea mikono. "Utakumbatiwaje umeshika mifuko?"

Nikaiweka chini.