Maji Kidogo ya Kupoza

Mganga hajigangi, walisema wapangaji, na Wanzala aliwasikia vizuri sana akiwa ameinama kisimani. Katika ploti nzima, mtoto mgonjwa alikuwa mmoja tu, na alikuwa wake.

Kisima hicho cha mtaa wa Kongo, pale Kawangware, ndicho kilichomjengea jina. Mwenye ploti alikichimba akaenda zake. Ni Wanzala, fundi wa mawe na keateka, yaani mtunzaji wa ploti hiyo, aliyekijengea ukuta wa kufika kiunoni, akakitia mfuniko wa zege na kufuli, akaweka sheria ya ndoo moja na kamba moja, na ole wake atakayeiweka ndoo hiyo matopeni. Masika yalipofurisha choo cha ploti ya juu, hakungoja kuambiwa. Alipita mlango kwa mlango akitangaza: hakuna kunywa maji haya bila kuchemsha, hata ya kusukutua mdomo, mpaka ayatoe yote na kutia dawa. Watu walinung'unika, lakini walichemsha, na watoto wao wakabaki wazima wakirukaruka kwenye matope. Billy wa Wanzala, ambaye hata kusimama alikuwa bado, akaanza kuhara.

Akapata nafuu, akarudia. Akapata nafuu, akarudia tena, na kila mara akiwa mwepesi zaidi mikononi. Muuguzi wa kliniki alimfinya ngozi ya tumbo, akaona inavyochelewa kurudi mahali pake, akatikisa kichwa. Aliwapa pakiti za chumvi za kukoroga kwenye maji yaliyochemshwa.

"Mpeni kidogo kidogo siku nzima," alisema. "Akikataa, au macho yakizidi kuingia ndani, mleteni mbio. Mtoto akifika hali hii huwa hangoji mtu."

Asubuhi moja Annet, mkewe Wanzala, alichemsha maji mpaka sufuria ikapiga kelele, akayatia kwenye thamosi yakiwa moto yasije yakaguswa na nzi, kisha akaenda Soko la Toi kwenye kibanda chake cha mitumba, shingo upande. Mtoto alimwachia mamake mzazi, Mama Sella, aliyekuja kutoka Busia wiki ile mvua ilipoanza.

Na sasa usinicheke, kwa sababu mambo ya ukwe si mchezo. Kwao Wanzala, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja. Mkiishi kwenye chumba kimoja cha mabati Nairobi, adabu hiyo utaiweka wapi? Basi Mama Sella alilala kwa jirani, Becky, na mchana alikaa na mjukuu kwenye kizingiti cha Becky, na Wanzala kila akipita hapo aligeuza uso ukutani. Wakitaka kuambiana jambo walijifanya kumtuma mtoto, ambaye hata kusema hajui. "Billy, ambia baba yako chai iko tayari." "Billy, ambia nyanya asante." Watu walisifu sana: huyu kijana amelelewa.

Siku hiyo Wanzala hakwenda kazini. Alikuwa anakikausha kisima, ndoo baada ya ndoo, na hasira zake zikipanda na kamba. Obiero, mumewe Becky, alipotoka nje akamkuta pale kisimani.

"Nani anafungua hii kufuli nikiwa job?" Wanzala alifoka. "Nani anaingiza ndoo chafu?"

"Budaa, usitusingizie," Obiero alimjibu. "Sisi wote tunatumia hii maji na watoto wetu wako poa. Angalia kwako kwanza."

Yalimchoma. Angalie kwake wapi, na yeye ndiye aliyewafundisha wote? Alirudi kuvuta kamba huku Billy akilia pale kizingitini, kilio chembamba cha mtoto aliyechoka. Wanzala alikivumilia kilio hicho. Kisha kikakatika ghafla, na bila kufikiri akageuka akatazama.

Billy hakuwa amezimia. Alikuwa ametulia kwa sababu alikiona kikombe. Mama Sella alikuwa amemimina maji ya thamosi, mvuke ukimpanda usoni, na kukoroga ile chumvi. Akachovya kidole, akakitoa haraka. Kisha, taratibu, kwa upendo wote wa nyanya, akachota maji kwenye ndoo ya kufulia iliyokuwa kando yake, iliyotoka kisimani muda huo huo, akaongeza kwenye kikombe. Akaonja. Akaongeza tena.

"Mama, wacha!"

Ploti nzima ilimsikia. Aliruka beseni, akakipiga kikombe kikamtoka mtoto midomoni, na mkono wake ukagonga mkono wa mama mkwe. Maji yaliwamwagikia wote wawili. Becky alipiga yowe. Obiero alishika kichwa: "Wanzala! Mama mkwe wako!"

Mama Sella alijifunika uso kwa leso. "Billy," alisema, "uliza baba yako nimemkosea nini."

"Usimtume mtoto, Mama. Hana nguvu ya kutumwa." Wanzala alinyoosha kidole kwenye ndoo ya kufulia. "Hiyo maji ya ndoo haijachemshwa."

"Si ni kidogo tu? Ya kupoza. Ningempa moto achomeke?"

"Hiyo kidogo ndiyo inammaliza!"

Leso ilishuka. Mama Sella aliitazama ndoo, akaitazama thamosi, na Wanzala akaona midomo yake ikihesabu vikombe vyote tangu alipofika.

"Uwi, mimi!" alisema. "Kila siku. Kwa mkono huu."

Alisimama kwenda kufunga mzigo wake. Mkwe akishakugusa huna la kukaa. Unarudi kwako mpaka wazee wakae na mbuzi wa kuondoa aibu apatikane. Wanzala alijua hayo yote. Alijua pia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipita pale akitazama ukuta.

"Mbuzi nitaleta," alisema. "Mama, kaa. Nishikie mtoto."

Alikoroga pakiti iliyobaki kwa maji ya thamosi, akakifunika kikombe, akakisimamisha ndani ya beseni lenye maji baridi yasiyofika ukingoni, akakipepea kwa kipande cha kadibodi. Billy alipindapinda akilia kiu, akikinyooshea kikombe mikono. Nyanya yake alimbana kifuani, naye analia, na hakumpa. Mahali pa kukaa palikuwa pale kizingitini tu, kwa hiyo walikaa bega kwa bega, wapangaji wote wakitazama.

Kilipopoa, Billy alikunywa kijiko kwa kijiko, wakimtazama kila funda likishuka na kungoja litapikwe. Halikutapikwa. Walikuwa wamefika nusu ya kikombe Annet alipoingia getini, akawaona wamekaa hivyo, mzigo wa nguo ukamteleza begani.

Wanzala alifungua mdomo atafute uongo wa kumfichia mama mkwe aibu. Mama Sella alimwahi.

"Annet," alisema, bila kuacha kunywesha, "aliyekuwa anamuua mtoto wako ni mimi. Njoo nikuonyeshe vile nilikuwa nafanya."