Sekunde Ishirini za Bibi wa Al Khoudh

Nilifika Maskati katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwandishi wa redio moja ya ng'ambo iliyotangaza kwa Kiswahili. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ripoti nzima ilikuwa dakika mbili, na ndani yake iliwekwa sauti ya mtu mmoja, sekunde ishirini. Kwa hiyo unamhoji mtu huku kidole kiko juu ya kitufe cha kinasa sauti. Unaisubiri sentensi inayoweza kusimama peke yake. Ukiipata unasema, "Inatosha, ahsante sana," unazima. Nilifanya hivyo miaka tisa, na nilifanya vizuri.

Ripoti niliisoma kwa simu kutoka chumba changu cha mtaa wa Ghubra. Upande wa pili mtu alijibu, "Tumekupata, kwaheri." Kuna wiki ambazo hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee niliyoambiwa bila kwanza kuuliza swali.

Redio ilipofuta nafasi yangu, nilikuwa na njia mbili: kurudi Tanga, ambako wazazi wangu walikwishafariki, au kubaki niandike kitabu juu ya wanawake waliokuja Oman kutoka Unguja wakiwa wake wachanga. Nilibaki. Bila kitabu hicho sikuwa na sababu ya kuwa katika mji ule, wala mji mwingine wowote.

Nilianza na bibi mmoja wa Al Khoudh, pembezoni mwa mji, aliyeishi na binti yake, mhadhiri wa chuo kikuu. Nilikwishamhoji mara tatu kwa ajili ya redio. Nikawasha kinasa sauti, nikamwomba anieleze safari yake.

"Tulitoka Unguja na mizigo minne," alisema, "tukafika Maskati na mmoja, na huo mmoja haukuwa wetu."

Kisha akakitazama kinasa sauti.

"Endelea, bibi."

"Nendelee nini? Si hapo ndipo unapozima siku zote?"

Binti yake akacheka. "Mama, safari hii ni kitabu."

"Kitabu ndiyo nini, redio ndefu?"

Nilicheka nao, lakini sentensi ile niliijua. Niliwahi kuitangaza. Alikuwa ameitunza vilevile nilivyoikata, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kwamba yaliyobaki hayatakiwi. Wiki hiyo nilikwenda kwa wanawake wengine wanne niliowahi kuwahoji. Wote walinipa sekunde zao ishirini, safi kabisa, wakaningoja nizime. Kwa mwendo huo kitabu kingekuwa na kurasa sita.

Kama na wewe umetoka kwenye habari na unatamani kuandika kitabu, usikate tamaa ukifika hapo. Nilichofanya mimi hakihitaji kipaji. Niliacha kinasa sauti chumbani, nikawa nakwenda Al Khoudh kila Alhamisi, ambayo siku zile ilikuwa mapumziko, bila swali hata moja. Bibi alinipa vitunguu thomu nimenye.

"Wanaume wa redio mna vidole laini," aliniambia.

Alizungumza juu ya goti lake, juu ya mapazia ya binti yake, juu ya samaki wa pwani ya Sidab ambao siku hizi hawana ladha. Sikufichi, nilichoka. Kidole kilikuwa kikitafuta kitufe.

Alhamisi ya sita au ya saba, bila kuinua macho, alisema, "Mwaka wa kwanza hapa nlikuwa bubu."

Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha kusomea Kurani. Alipojaribu kusema, majirani walicheka, naye akaacha kusema. Mumewe alifanya kazi jangwani, wiki tatu huko na moja nyumbani. Dukani alinyoosha kidole. Nyumbani alizungumza Kiswahili na tangi la maji lililokuwa uani, kwa sababu lilikuwa likirudisha sauti.

"Ulimwambia nani haya, bibi?"

"Nimwambie nani? Hata huyu mwanangu ndiyo leo anasikia."

Binti yake alikuwa mlangoni na chupa ya kahawa. Hakuingia, wala hakuondoka.

Niliuliza kama naruhusiwa kuyaandika, na niliogopa, maana jibu lake ndilo lililokuwa kitabu changu. Alimenya punje mbili kwanza.

"Andika. Lakini na mwenye duka umtie. Kila nkinyoosha kidole alitaja jina la kitu, taratibu, akangoja. Nsipojibu, kesho alitaja tena. Hakucheka hata siku moja. Usipomtia yeye, basi na mimi nitoe."

"Nitamtia."

"Umtie mzima."

Nilirudi Ghubra mchana, mikono ikinuka thomu, nikaanza na duka: chumvi, viberiti, mafuta ya taa, na yule mtu nyuma ya meza akingoja. Nilijaza kurasa kumi na moja na safari bado sijaigusa. Nilipozimaliza, alfajiri ya Ijumaa, nilitaka kumsomea mtu, na zilikuwa zimebaki siku sita mpaka Alhamisi.