Kanuni ya Nne Mlangoni pa Bwalo

Kanuni zilikuwa saba, zimepigwa chapa kwenye karatasi moja na kubandikwa mlangoni pa bwalo la shamba la ngano. Kalkulasi yenyewe nimeisahau karibu yote. Mtu akinisimamisha leo akanitaka nitafute mteremko wa mchoro uliopinda, nitamwomba radhi nipite. Lakini kanuni zile bado ninazo kichwani. Ukichelewa dakika tano, usiingie. Ukikosa vipindi vitatu, hufanyi mtihani. Jibu lisiloonyesha njia halina alama. Na ya nne, ambayo ndiyo iliyonipata mimi: kazi ya nyumbani ni ya mtu mmoja, atakayeshirikiana na mwenzake ataondolewa darasani na hatapendekezwa chuoni.

Ilikuwa enzi ile serikali inalima ngano kwenye mbuga za Hanang kwa kombaini, mashine za kuvunia ambazo watoto walikimbia maili nzima kuzitazama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikaajiriwa karani wa stoo ya vipuri. Kazi ilinifaa, kwa kuwa haikuhitaji nguvu wala akili, ila kalamu. Kisha chuo kimoja cha ufundi kikamleta mwalimu wake atufundishe kalkulasi ya mwanzo kwa miezi mitatu, bwalo letu likageuka darasa kila jioni kabla ya chakula. Atakayefaulu angependekezwa, na chuo kingemchukua. Nilikitaka chuo kile kuliko kitu chochote. Nilikwisha kujinunulia hata sanduku la bati.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wawili nitawaeleza. Wa kwanza alikuwa fundi wa kombaini, mtu wa Masakta, mwenye watoto watano na ovaroli moja. Wa pili alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya meneja, binti wa mwenye duka wa Katesh, na ndiye aliyezipiga chapa kanuni zile kwa mikono yake. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa mjini, tai shingoni katika vumbi la Februari. Siku ya kwanza fundi, kwa kuwa ni mkubwa kwake, alisubiri aamkiwe. Mwalimu naye akasubiri fundi asimame. Walitazamana hivyo mpaka binti wa Katesh akainuka akasema, "Shikamoo fundi, shikamoo mwalimu," ndipo somo likaanza.

Zoezi la tatu lilikuwa na maswali kumi na mawili, yote ya mteremko, na lilitolewa Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya palizi kwetu Endasak, na mama alikwisha kutuma neno kwamba asiponiona shambani nisijisumbue kuja kula Pasaka. Nikawaeleza wenzangu wawili. Fundi akasema, "Twende wote. Tukulimie, kisha wewe utusaidie hizo herufi za x na y. Herufi ndizo zinazonishinda."

Tulipanda lori la shamba, tukamalizia kwa miguu. Mama alimtazama binti wa Katesh kuanzia kilemba hadi viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu wa dukani anajua jembe?"

"Mama, na Katesh tunakula ugali. Hautoki kwenye debe."

Mama akampa jembe zuri, langu akanipa lililolegea mpini.

Shamba letu liko ubavuni mwa mlima. Kila mmoja alishika mstari wake wa mahindi, tukapalilia kuelekea juu pamoja, karatasi ya maswali ikiwa kwenye mfuko wangu wa shati. Nililisoma swali la kwanza kwa sauti. Kwa wiki tatu mwalimu alikuwa ametueleza mteremko wa mchoro mahali pamoja, na kwa wiki tatu nilikuwa nanakili bila kuelewa kitu. Fundi alisimama, akaegemea jembe.

"Hapa unapokanyaga," aliniambia, "mguu wako unajua kilima kinapanda kiasi gani?"

"Unajua."

"Si kilima chote. Hapo tu. Piga hatua moja, mguu utakwambia kingine. Basi ndicho anachouliza yule kijana. Anauliza mguu."

Sijawahi kuelewa jambo kwa ghafla namna ile, na nimesoma vyuo viwili baada ya hapo. Tangu swali hilo kazi ikaenda. Fundi alitoa maana, mimi nilitoa herufi, binti wa Katesh alitukamata kila tulipokosea hesabu, kwa sauti ya mtu aliyekulia nyuma ya mizani. Saa ya makande maswali yalikuwa yameisha na shamba limeisha.

Sasa kuna desturi kwetu, ambayo mama aliishika kuliko katekisimu. Watu waliokuja kukulimia wakiisha kula, unasimama na kuwataja mmoja mmoja, wote wakisikia. Usipomtaja mtu, umemwibia siku yake. Jirani yetu aliwahi kumsahau mmoja, na mpaka anazeeka aliitwa Aliyelimiwa na Upepo. Mama akasimama, akatutaja, akakaa. Kisha akaniuliza, "Na hizo hesabu mlizokuwa mnapigia kelele, ni za nani?"

"Zetu sote, mama."

"Basi mtajane."

Nikaona ni sawa kabisa. Jumapili, tulipokuwa tunanakili majibu kila mtu kwenye karatasi yake, niliandika chini, "Waliokuja:" na majina ya wenzangu. Wao nao wakaandika hivyo hivyo. Hata yule aliyezipiga chapa kanuni hakuikumbuka ya nne. Baadaye aliniambia kwamba mpiga chapa hasomi, anapiga tu.

Jumatatu mwalimu alituita watatu baada ya kipindi, karatasi zetu zikiwa mbele yake.

"Ndugu, hii 'waliokuja' ni nini?"

"Ni watu waliokuja, mwalimu," nikasema.

"Walikuja wapi?"

"Shambani kwa mama."

Akaishusha miwani. Hakuwa mtu mbaya, na naandika hili nikijua. Alitupa swali jipya ubaoni, kila mmoja kwa zamu wenzake wakiwa nje, na wote tulilimaliza. Kisha akasema kwa upole, "Nimeona mnajua. Lakini chuo hakitaniuliza kama mnajua, kitaniuliza nani anajua. Chaneni hapo chini. Mkichana, mimi sijaona kitu."

Fundi alichana mara moja, ukanda mwembamba, akaukunja na kuutia mfukoni mwa ovaroli. "Nina watoto watano," alisema bila aibu yoyote. "Nitawataja kwingine." Binti wa Katesh akachana wa kwake, macho yameinama.

Mimi sikuchana.

Ningependa kusema ilikuwa ni msimamo. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mama kuliko mwalimu, na binti wa Katesh alikuwa ananitazama, na nilikuwa na umri ule ambao mtu hudhani anapendeza akikataa. Lakini chini ya upuuzi huo kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa upuuzi. Maana ya mguu na kilima haikuwa yangu. Nikiichana karatasi, nitakuwa nimesema ni yangu.

"Basi unaijua kanuni," mwalimu akasema.

Nilitoka. Ila kanuni ilisema nitaondolewa darasani, haikusema niende umbali gani. Madirisha ya bwalo hayakuwa na vioo. Jioni iliyofuata niligeuza pipa la oili chini ya dirisha la tatu, nikakalia, daftari gotini. Wapishi walinicheka, wakaniita mwanafunzi wa baridi. Mwalimu aliniona, akaendelea na somo. Wiki ya pili nilitambua kwamba ameanza kuongea kwa sauti kubwa zaidi na kuandika upande wa ubao ulio karibu na dirisha.

Siku ya mtihani alikuja nje mwenyewe, akanipa karatasi. "Nje sina kanuni," alisema.

Matokeo yalibandikwa pale pale mlangoni, chini ya kanuni. Jina la fundi lilikuwepo, la binti wa Katesh pia. Langu halikuwepo. Mwalimu alinionyesha karatasi yangu ya mtihani. Nilikuwa nimefaulu, na vizuri. Kando yake aliweka lile zoezi la tatu, akalisukuma polepole kuelekea kwangu.

"Kalamu ninayo na orodha haijatumwa. Chana hapo chini, nikuandike."

Nililitazama sanduku la bati kichwani mwangu. Nikalisukuma lile zoezi kurudi kwake, nikasema, "Mwalimu, hawa walikuja."

Leo nimekuwa mtu mzima, na sababu za kanuni ile nazijua. Nimewahi hata kufundisha, nikaona wanavyonakiliana, nikakasirika kama yeye. Mwalimu lazima ajue nani anajua. Nakubali yote hayo, na bado naikataa ile kanuni, kwa kuwa ilimwacha salama aliyeficha ikamtoa aliyetaja. Hata wanikalishe kwenye pipa tena.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa palizi ya pili kwa fundi, Masakta. Nilikwenda, maana nilikuwa na deni la siku. Binti wa Katesh alikuwepo kabla yangu, amekwisha kushika mstari. Hatukuzungumzia chuo. Tulilima, tukala. Kisha fundi akasimama mbele ya mkewe, watoto wake na majirani, akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa ule ukanda wa karatasi, umeloa grisi mpaka unapitisha mwanga. Akasoma, "Waliokuja," akataja jina la binti wa Katesh, akataja langu. Akaongeza kwamba mimi ndiye niliyemfundisha herufi, na kwamba kwa herufi hizo anakwenda chuoni.

Mkewe akaniambia asante. Fundi akaukunja ukanda, akaurudisha mfukoni, halafu akanionyesha mstari wangu. Nilikuwa nimeacha majani ya sangari kuanzia katikati hadi mwisho, akanipa jembe nirudie.