Jina Aliloapa Kutolitamka

Saa mbili asubuhi mvua imekatika, na Mama Kafi amechuchumaa chini ya daraja la waenda kwa miguu, akitazama jiwe lenye umbo la sikio. Maji yakigusa ndewe, kijito kinapitika. Yakilifunika sikio lote, watu warudi nyumbani wakanywe chai.

"Yamegusa," anasema, akikaza mkanda wa kofia yake ngumu. "Leo tunashuka."

Ana miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ni kutangulia peke yake kwenye mtumbwi wa plastiki mfupi kama kitanda, kukagua maporomoko, kisha kuwaambia wageni wanaomfuata kwa mitumbwi, kwa redio ya mkononi, wapite wapi. Analipwa kwa siku, na kijito hiki kina maji ya kutosha siku kama arobaini tu kwa mwaka. Siku nyingine anashona mabegi yaliyochanika.

Anayemlipa ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Hapo ndipo roho inapomuuma.

"Kijito hiki nilikigundua mimi," anasema. "Wakati huo shemeji hata kuogelea hajui. Nikamfundisha mimi. Leo kwenye bango la kampuni yake kuna picha yake, meno yote nje. Wivu? Ninao, tena wa kutosha. Andika."

Kinachomkera kuliko bango ni majina. Kila poromoko alilipa jina yeye. La mwisho, ambalo maji yanakugeukia ghafla bila kosa lolote, aliliita Mama Mkwe. Shemeji hakucheka, maana huyo ni mama yake mzazi. Alipofungua kampuni akalibadilisha: Lango la Bingwa. Bingwa ni yeye mwenyewe.

"Na mama mkwe alilipenda!" analalamika Mama Kafi. "Aliniambia, 'Angalau kuna mahali wananiogopa.' Nikaapa, hilo Lango halitoki kinywani mwangu hata nikose kazi."

Leo wageni ni sita. Anayewaongoza ana wiki mbili tu kazini, naye ndiye mwenye redio ya pili. Shemeji amebaki juu akipiga picha. Mama Kafi anatangulia, na mwandishi wa makala hii anamfuata ukingoni kwa miguu, akiteleza kila hatua ya tatu.

Kwenye poromoko la mwisho, mti mzima umeangukia kushoto, njia wanayopita siku zote. Maji yanapenya kwenye matawi. Mtu hapenyi, ananasa. Mama Kafi anajivuta ukingoni na kushika redio.

"Mti umeziba Mama Mkwe! Pita kulia!"

Redio inakwaruza. "Pole sana, dada. Mama mkwe kaumia?"

"Si mtu, poromoko! La mwisho!"

"La mwisho lipi? Mbele naona matatu yamefuatana."

Mtumbwi wa kwanza, wa njano, unachomoza kwenye kona. Mama Kafi anafumba macho.

"Lango la Bingwa!" anapiga kelele. "Lango la Bingwa lina mti kushoto! Kulia!"

"Nimekupata!"

Mitumbwi saba inakata kulia, mmoja baada ya mwingine. Mgeni wa mwisho anampungia mkono, hajui lolote.

Shemeji anashuka baadaye, kamera shingoni. Anautazama ule mti. "Ahsante, shemeji," anasema. Kisha anashindwa kujizuia: "Halafu umelitamka vizuri."

"Koma," anajibiwa.

Mama Kafi anajifuta nywele kwa taulo. "Wamepona wote, nashukuru. Lakini lile jina limenitoka mara mbili, na bado ulimi unaniwasha."

Mpango anao. Nyuma ya vilima kuna kijito kingine, alichokipita mara moja tu. Kiko wapi? Anaitazama kalamu ya mwandishi kwa jicho la pembe.

"Hicho sikwambii. Siku nikikishuka, naenda na mama mkwe. Atasimama ukingoni achague poromoko lake mwenyewe. Tuone mwanawe atathubutu vipi kulibadilisha jina."