Mtutu Uliogoma Kukaa

Kazi ya ulinzi kwenye hoteli moja West Bay niliiacha kwa sababu nilikuwa nalinda mlango unaojifungua wenyewe. Baada ya hapo nikawa nalala sakafuni mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye chumba cha dereva mmoja Mkenya, naye alishaanza kuulizia godoro lake. Ndipo akanitafutia nafasi kwa mwajiri wake, mzee wa Kiqatari mwenye shamba Umm Salal, ambaye sote tulimwita Baba. Baba alitaka mtu wa kumiminia wageni kahawa barazani. Nikimpendeza alasiri moja tu, nimepata kazi na chumba changu mwenyewe.

"Buda, usiniaibishe," dereva aliniambia njiani. "Dalla, lile birika la kahawa, mkono wa kushoto, vikombe kulia. Unamimina kidogo, ile ya kulowesha ulimi. Mgeni akimaliza, unaongeza. Huachi mpaka mwenyewe atikise kikombe."

"Na asipotikisa?"

"Atatikisa, bana. Nani hajui kutikisa kikombe?"

Mgeni wa siku hiyo alikuwa mmoja tu, rafiki wa Baba wa tangu utotoni, aliyestaafu kazi ya kufundisha watu kulenga shabaha. Walisalimiana kwa kugusanisha pua, wakakaa, wakaanza kugombana.

Ugomvi wao ulikuwa bastola. Baba alikuwa mtu wa rivolva, zile zenye silinda inayozunguka. Mgeni alikuwa mtu wa bastola za magazini, zinazobeba risasi ndani ya mpini. Kiarabu changu ni cha kuokoteza, lakini wale wazee walizungumza kwa mikono zaidi kuliko kwa midomo, nikaelewa karibu yote. Mimi shule niliiacha mapema, ila kitu chochote chenye kifuniko lazima nijue ndani kuna nini. Nikasogea.

Mgeni alimwonyesha Baba kwenye simu picha ya rivolva ya kisasa. Mtutu wake umewekwa chini, unapokea risasi ya tundu la chini badala ya la juu, ili mkono usirushwe.

"Astaghfirullah," Baba akasema. "Imekaa kama ngamia aliyeangukia kidevu."

"Angalau hao wanafikiri! Nyinyi watu wa rivolva mmelala tangu enzi za babu zenu."

"Yangu haina vipande vya kuchezacheza. Bastola yako ukiitikisa inalia kama mfuko wa misumari."

Hapo ndipo mgeni alipokuwa anangojea. Akafungua kisanduku, akatoa bastola ya darasani, isiyoweza kufyatua risasi, iliyokwisha kufunguliwa vipande, pamoja na mtutu mpya. Alieleza kwamba mtutu wa dukani huingia kirahisi, ndiyo maana hucheza. Huu wake ulikuja mnene kidogo, naye ameukwangua kwa tupa, taratibu, jioni baada ya jioni, mpaka mke wake akamhamishia jikoni. Sasa unaingia bila kusukumwa na ukishaingia hauchezi.

Maelezo yalikuwa marefu. Mimi nilitaka kuona, na mtu mwenye dalla ana ruhusa ya kusimama karibu mradi anamimina. Mgeni akinywa, naongeza. Anaongea, anakunywa, hatikisi. Baba alikuwa amekwisha kutikisa chake zamani. Dereva, mlangoni, alinitolea macho. Nikamtolea macho na mimi: hajatikisa!

Hatimaye mgeni akasema, "Sasa tazama." Akashika mtutu. Mkono ukaanza kutetemeka. Mtutu ukagonga chuma, ti-ti-ti-ti, kama kuku anayedonoa sahani.

"Bastola yako inasikia baridi?" Baba akauliza.

Mgeni akajaribu tena. Ti-ti-ti-ti. Jasho likamtoka. "Umebaki mnene," akanong'ona kwa huzuni, akachukua tupa kisandukuni.

Nilielewa kitakachotokea. Angeukwangua mtutu usio na kosa, kazi ya jioni zote zile ipotee. Nikisema kosa ni langu, ninarudi sakafuni. Tupa ikagusa chuma.

"Baba, si mtutu," nikasema. "Ni kahawa."

Dereva akafumba macho.

"Umempa kiasi gani?" Baba akauliza.

"Hakutikisa, Baba."

Baba akainyanyua dalla. Ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Akacheka mpaka kilemba kikamteleza. Kisha, bado anacheka, akachukua mtutu kwa mkono wake uliotulia, akautia mahali pake. Ukaingia kimya. Akaitikisa bastola sikioni. Haikulia. Kicheko kikamkatika.

"Umeshindwa!" mgeni akapiga kelele, mikono ikimtetema. "Na mtutu umeutia wewe mwenyewe!"

Kazi nilipata. Mgeni huyo bado anakuja, na kila akifungua kisanduku kipya Baba hunikonyeza, nami husogea na dalla. Lakini siku hizi mzee huyo anaanza kutikisa kikombe akiwa bado anavua viatu.