Nani Anasogeza Mifuko ya Kokoto?

Mtu anayekuwahi kwa salamu kila asubuhi ana lake jambo. Ndivyo nilivyomwona msimamizi wa saiti ya jirani tangu walipoibomoa nyumba iliyokuwa kushoto kwetu wakaanza kuchimba msingi wa gorofa. Mzungu mrefu, kofia ngumu, meno yote nje. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na nimeshaona wengi wanaokuchekea mbele huku nyuma wanakumaliza. Sikumwamini hata kidogo.

Tunapanga nyumba ya zamani kwenye mteremko, kusini mwa Sydney, na mteremko unaishia kwenye ghuba. Kanisa letu husali Bankstown, kwenye ukumbi wa shule, lakini ubatizo hufanyika hapo ghubani, na mama yangu alikuwa anangoja zamu yake. Kule Uvira alinyunyiziwa maji kichwani akiwa mchanga. Sasa uzeeni alitaka kuzama mzima mzima, tena haraka, kwa sababu hospitali ilikuwa imempangia upasuaji wa nyonga.

"Siwezi kwenda ku kisu bila kuzama," alisema. Kiswahili changu kimenyooshwa na shule za Kigoma. Chake kimebaki cha Uvira. Gauni lake jeupe lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, limepigwa pasi.

Shida ilikuwa tope. Mitaro ya barabarani huku haipiti mahali popote pa kusafishwa, inamwaga moja kwa moja baharini. Kila mvua iliponyesha, ghuba iligeuka rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji akaahirisha ubatizo, akaahirisha tena. Mama hakulalamika. Aliligusa gauni kidogo, kisha akaenda kukaa jikoni.

Nikaanza uchunguzi wangu. Mbele ya mdomo wa mtaro, karibu kabisa na geti letu, watu wa saiti walikuwa wamepanga mifuko mirefu ya kokoto. Wenyewe wanaiita soseji. Kazi yake ni kuyashika maji ya mvua yasimame kwanza, udongo utulie chini, kisha maji yachuje polepole na kuingia mtaroni yakiwa safi. Jambo zuri, ila mimi nikirudi kutoka kazi yangu ya kutunza wazee siku ya mvua naikuta mifuko imesukumwa kando na tope lote limeshateremka. Nani wa kuisogeza kama si yeye? Maji yakisimama barabarani malori yake yanapita kwa taabu. Nikapiga picha kwa simu, nikawapigia kaunsili, halmashauri ya huku.

Afisa alikuja. Akakagua uzio wa kitambaa cheusi uliozungushwa saiti nzima, akauvuta kuona kama umefukiwa vizuri ardhini. Akatazama marundo ya udongo yaliyofunikwa turubai, na mawe yaliyomwagwa getini ili magari yasitoke na matope kwenye matairi. Akasema kila kitu kiko sawa. Sawa kitu gani? Nikaona hawa lao moja.

Msimamizi akanifuata getini, meno yamepungua safari hii. Akasema kila siku ya mvua yeye huipanga mifuko ile, na kuna mtu anaisogeza. Aliposema "mtu" akaitazama nyumba yetu.

Damu ikanichemka. Ati mtu! Nikamwambia sisi ni watu wa kanisa, hatuna biashara na kokoto zake. Nikaingia ndani nikamsimulia mama jinsi Mzungu alivyotaka kutubebesha uchafu wake. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Eh, hawa watu," akaendelea kumenya.

Jumamosi mvua ikaja ya nguvu, nami nilikuwa na mapumziko. Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya upasuaji. Nikajibanza nyuma ya pazia na kikombe cha chai, simu mkononi, nikimvizia mtu wangu. Maji yakajaa nyuma ya mifuko, yakasogea hadi getini kwetu. Saiti kimya, mvua hiyo hawafanyi kazi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa amevaa koti langu la mvua. Alitokea mlango wa nyuma, ufagio kwapani, nyonga mbovu inamburuza, akaingiza mpini wa fimbo yake kwenye kamba ya mfuko na kuuvuta. Kisha wa pili. Maji mekundu yakaingia mtaroni kwa kishindo, naye akayasukuma yaliyobaki kwa ufagio mpaka mlango wetu ukawa mkavu.

Nikatoka mbio, hata viatu sikuvaa. "Mama! Unafanya nini?"

"Nafungulia maji," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Maji haisimami ku mlango yangu."

Nikafoka. Nikamwambia huku hakuna malaria, maji yale yanachuja yenyewe, na tope analolifungulia ndilo linalomchafulia ubatizo wake mwenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho huku akitota.

"Ku kambi walisema niache, wenye kazi watakuja kuzibua," akasema. "Nikangojea."

Wadogo zangu mapacha walikufa masika yale, mmoja asubuhi, mwenzake usiku wake. Dimbwi lile mlangoni nalikumbuka. Tulikuwa tunaliruka tukienda shule. Sikuwahi kujua kwamba aliambiwa aliache.

Kesho yake ghuba ilikuwa ileile chai ya maziwa. Mchungaji akatazama maji, akatikisa kichwa, akaanza kutafuta maneno ya kuahirisha. Mama alikuwa ameshavua kandambili.

"Tope hii ni yangu," akamwambia. "Niingize."

Akazamishwa. Aliibuka akikohoa, gauni limekuwa rangi ya udongo wa saiti, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Upindo wa gauni lile haujatakata hadi leo, na amenikataza kulitia dawa ya madoa.

Mvua ya kwanza baada ya upasuaji ilimkuta nyumbani, kwenye kiti dirishani. Mifuko ilikuwa mahali pake na maji yamejaa nyuma yake, yametulia, yanagusa geti letu. Ufagio nilikuwa nimeuficha. Mama yangu namjua.

"Iko inaisha?" akauliza.

"Inaisha, mama."

Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili, vidole vimekaza. Chakula nilichompelekea kikapoa pale pale. Hakuondoa macho barabarani mpaka lami ya mbele ya geti ilipoonekana, ndipo akaomba nimpashie moto.